Chupa Tisa za Bwana Hifadhi

Dirishani kwangu hapa Rwamgasa kuna chupa tatu za matope. Nyumba ni ya udongo na dirisha lenyewe ni tundu tu, lakini nimepigilia kibao, na chupa zimesimama juu yake, kila moja na mwaka wake. Wachimbaji wenzangu wanaoingia kuomba kiberiti huzitazama wakacheka. Mmoja aliniuliza kama ni dawa ya kuvuta dhahabu. Nilimwambia ndiyo, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima. Chupa ya tatu ina matope mengi kuliko ya kwanza, na hilo linaniuma kuliko watu wanavyodhani. Kila Landrova ya serikali au ya mradi ikisikika barabarani natoka nje, naangalia nani ameketi kiti cha mbele. Mpaka sasa hajawa yeye.

Jina lake sitalitaja. Hata yeye hakulitumia sana. Kuanzia Ibadakuli, alikokuwa na nyumba, mpaka vijiji vya mbali vya Shinyanga, watu walimwita Bwana Hifadhi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhifadhi udongo na maji. Mke wake, Mama Kabula, naye alimwita hivyohivyo siku alizokasirika.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Nilitaka kujua barabara inayopita mbele ya shule inaishia wapi, nikaifuata, na mpaka leo sijajua. Nimebeba mizigo stesheni ya Tabora, nimepalilia tumbaku, nimeuza samaki wakavu Kahama pale Nyahanga, nimechimba dhahabu sehemu ambazo hazina jina. Katika hayo yote, mtu aliyenifanya nitamani kurudi nilikotoka ni mmoja tu.

Nilimkuta mvua ikinyesha. Watu wote walikuwa wamekimbilia barazani, yeye amechuchumaa ndani ya korongo, kofia imelowa, maji yanampita miguuni. Nilidhani ameangusha kitu.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Kilima," alisema bila kugeuka. "Kinapita hapa. Njoo utazame."

Nilishuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alinionyesha kilima kwa kidole, kile cha mawe makubwa upande wa mashariki, kisha akanionyesha maji, kisha kilima tena, kama mtu anayetambulisha ndugu wawili. Mvua ilipokatika alinipa ile fimbo ndefu ya vipimo nishike, yeye akaenda mbali na darubini yake ya miguu mitatu. Nilishika fimbo ile miezi mitatu. Halafu nikaondoka bila kuaga, kama kawaida yangu. Niliporudi mwaka uliofuata alinipa fimbo ileile, na hakuuliza nilikuwa wapi wala kwa nini niliondoka. Aliuliza jambo moja:

"Huko ulikotoka, mito ilikuwa na rangi gani?"

Swali hilo aliniuliza kila niliporudi, kwa miaka mingi. Nikaanza kujiandaa. Popote nilipofika, hata kama nina njaa, nilitafuta mto kwanza niutazame, nisije nikakosa la kumwambia. Sikuwahi kuwa na mwalimu mwingine aliyefanya uzururaji wangu uonekane ni kazi.

Alitembea akitazama chini, lakini hakuwa mnyonge. Alikuwa anaisoma ardhi. Aliweza kusimama ghafla katikati ya njia ya ng'ombe, watu wanamsubiri, akaweka mguu wake wa kulia kando ya mfereji mdogo, akasema, "Mwaka jana ulikuwa unaingia kidole gumba tu." Wakulima walipomwambia kwa furaha kwamba mwaka huu mvua imenyesha sana, aliwakata maneno: "Usiniambie imenyesha ngapi. Niambie imekaa ngapi." Aliweza kusema hivyo hata msibani.

Nyumbani kwake, pipa la maji lilikuwa kavu kuliko mapipa yote ya mtaa. Mama Kabula hakumwachia.

"Mwangalieni," alituambia siku moja tukila ugali, "mtu wa maji wa wilaya nzima. Mkurugenzi wa mito. Leo nimeoga kikombe."

"Kikombe kikubwa?" aliuliza mumewe.

"Bwana Hifadhi!"

Alikuwa Msukuma hasa, na kwa ng'ombe alikuwa dhaifu kabisa. Mchana alishinda akiwaambia watu wapunguze mifugo, jioni akipita zizi la mtu husimama akaguna kwa mahaba, akauliza yule mwenye doa jeupe mama yake ni nani. Ng'ombe wake mwenyewe aliwaweka kwa kaka yake, na hakuna aliyejua idadi. Siku moja ng'ombe hao walikamatwa ndani ya ngitili. Ngitili, kwa asiyejua, ni eneo la malisho linalofungwa baada ya mvua, nyasi zipate kusimama, lifunguliwe kiangazi kikali kwa utaratibu. Wazee wetu walikuwa nazo tangu zamani, na Bwana Hifadhi hakuleta kitu kipya, aliwakumbusha tu. Adhabu ya kuingiza mifugo kabla ya wakati ni mnyama kuchinjwa, wazee wakala. Alipoletewa habari hakutafuta maneno. Alichagua dume zuri yeye mwenyewe, likachinjwa, akaketi na waliomhukumu akala nao.

"Nyama tamu," alisema akinyonya mfupa. "Inaonekana alilishwa mahali pazuri."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na tangu siku ile ngitili ile haikuguswa.

Sasa nifike kwenye kile kilima, kwa kuwa mtu huyu huwezi kumwelewa bila kilima.

Alipokuwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kazi yake haikuwa kupanda. Ilikuwa kukata. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa mbung'o, na dawa ya mbung'o ilikuwa kufyeka pori analojificha. Yeye alikuwa nyapara wa kundi la mashoka. Alikisafisha kilima kile cha mashariki kuanzia chini mpaka kwenye mawe, migunga, mikwaju, vichaka, vyote. Hakuficha jambo hili, na hakupenda mtu alisimulie kwa kumhurumia.

"Nilikuwa hodari," alisema. "Kundi langu lilimaliza kabla ya mengine. Watu walituchinjia mbuzi. Na mbung'o kweli walikwisha."

Kilichokwisha pamoja nao ni chemchemi. Ilikuwa kwenye nyonga ya kilima, kati ya mawe mawili, na wanawake wa kijiji kile walichota hapo tangu bibi zao. Misimu michache baada ya mashoka ikawa tope, halafu ikawa jina tu. Wanawake wakaanza kwenda mto mkavu wa mbali, wakachimba mashimo mchangani kwa kata, wakaketi pembeni kungoja maji yajikusanye na kutulia. Mmoja wao aliitwa Mama Limi. Kila alipokutana na Bwana Hifadhi njiani, ndoo kichwani, alimwamkia kwa adabu zote, kisha akaongeza:

"Mwangaluka, wewe uliyekunywa kisima chetu."

"Mwangaluka, mama," alijibu yeye, akivua kofia. "Bado sijakitapika."

Nilidhani ni utani wa miaka mingi. Nilipowasikia mara ya pili nikamtazama usoni, nikajua kwake haukuwa utani. Mtu yule alipima mabonde ya nusu ya mkoa, alijenga vizuizi vya mawe kwenye makorongo, alipanda minyaa na mkonge kwenye mipaka ya mashamba ya watu wasiokumbuka hata sura yake. Lakini alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, maji yatoke tena kati ya mawe yale mawili, na Mama Limi akose la kumwambia.

Aliwaomba wanakijiji wakifunge kilima kiwe ngitili moja kubwa. Ilimchukua muda mrefu. Mume wa Mama Limi, Baba Limi, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote na mdomo mkali kuliko ng'ombe wake, na alikubali kwa sharti moja.

"Utanionyesha," alisema. "Sitaki karatasi. Karatasi hata mimi naweza kuchora kilima."

Ndipo zikaanza chupa. Kila mwaka, kwenye mvua kubwa ya kwanza, Bwana Hifadhi alikwenda mahali palepale chini ya kilima, kwenye jiwe alilolitia alama, akachota maji ya korongo yanayoshuka, akajaza chupa nyeupe, akaiziba kwa kizibo na nta. Maji yakitulia, matope yalikaa chini na kimo chake kinaonekana. Alifunga uzi shingoni wenye mafundo ya mwaka, na uzi mwingine kwenye kimo cha matope. Chupa zilikuwa za pombe kali, kwa sababu ndizo zilizokuwa na kioo cheupe. Aliziokota nyuma ya baa, yeye ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha, na watu wa Ibadakuli walimwona akitoka uchochoroni na chupa kwapani. Mama Kabula alikuwa na lake la kusema kuhusu hilo. Wengine walisema ameiba mvua ya mkoa ameifungia kabatini. Mwaka ambao mvua ilichelewa, jirani alikuja akamwomba kwa upole afungue hata moja.

Hakuzifungua. Miaka ikapita, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vikubwa, nyumba zikasogea karibu na kilima, na bado kilima kilibaki kimefungwa. Nilikuwa nikiondoka na kurudi, na kila niliporudi chupa imeongezeka. Zilipofika tisa ziliweza kusomwa hata na asiyejua kusoma. Ya kwanza, matope vidole vinne. Ya tano, viwili na kidogo. Ya tisa, ukucha. Alizipanga kwenye rafu sebuleni, na jua la jioni likiingia zilifanana na ngazi ya kushuka.

"Unaona?" alinong'ona, kama vile zingeamka. "Kilima kimeacha kuhama."

Mwaka ule wa chupa ya tisa kiangazi kilikuwa kibaya. Ng'ombe walisimama wamekonda, wanatazama kilima chenye majani. Kijiji kikaitisha mkutano kuamua kama kilima kifunguliwe wote waingie kwa pamoja, kabla ya utaratibu. Bwana Hifadhi alijua maana yake. Wiki mbili tu za kwato na meno, na miaka tisa ingerudi korongoni. Na pale kati ya mawe mawili, aliniambia, udongo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi.

Alitangulia siku moja kabla ili azungumze na wazee. Chupa akaniachia mimi. Alizipanga mwenyewe kwenye kapu pana, kila moja imevikwa nyasi.

"Utabeba kichwani," alisema. "Kwa miguu. Polepole, kama mwanamke aliyebeba maziwa. Ukitoka alfajiri utafika mkutano ukianza."

"Nimesikia, mzee."

"Zisitikisike."

"Nimesikia."

Nilitoka alfajiri kweli. Nilikuwa sijafika mbali nikasikia ndege. Uwanja wa ndege uko palepale Ibadakuli, lakini ndege zenyewe hazikuja kila siku, na mimi nilikuwa sijawahi kuona inavyogusa chini. Nikaweka kapu kivulini, vizuri kabisa, nikasogea kwenye uzio. Ikashuka. Nikataka kuona mlango unavyofunguka. Ukafunguka. Nikataka kuona watakavyoijaza mafuta. Nilikaa pale mpaka ikaondoka tena, kwa sababu kushuka bila kupaa ni nusu ya habari, na nilipogeuka jua lilikuwa juu.

Kwa miguu nisingefika. Nikaazima baiskeli kwa fundi mmoja, nikafunga kapu kwenye keria kwa mpira, nikakanyaga. Njia ile ni ya ng'ombe. Kwato zinapita kwenye tope la masika, kiangazi linakauka kama matofali yaliyopangwa vibaya. Nilijivunia sana kwamba sikuvunja hata chupa moja.

Mkutano ulikuwa kwenye kivuli cha ghala la pamba. Bwana Hifadhi alikuwa amesimama, akinisubiri kwa macho.

"Zimefika?"

"Zote, mzee. Hakuna hata iliyopata ufa."

Alifunua nyasi. Akatoa moja, akatoa nyingine.

"Umekuja kwa miguu?"

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa ghala, mbele ya watu wote. Yeye hakurudia swali.

"Haya," alisema. "Zipange."

Nikazipanga kwenye meza ya kupimia pamba. Tisa, kwa mstari. Zote zilikuwa chai ya maziwa, kuanzia shingoni mpaka chini. Ya kwanza na ya tisa huwezi kuzitofautisha. Mchanga ulianza kushuka, lakini ule udongo laini, ambao ndio kilima chenyewe, ulikuwa unaelea ndani kama moshi.

Baba Limi alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Bwana Hifadhi, ulisema chupa zitaongea. Mbona zote zina rangi moja?"

Watu wakacheka.

"Tazama nyuzi, Baba Limi. Kila uzi umefungwa pale matope yalipofika."

"Uzi kafunga nani?"

"Mimi."

"Sasa nikimfunga ng'ombe wako kamba yangu, atakuwa wangu?"

Walicheka tena, zaidi. Bwana Hifadhi alingoja wamalize.

"Yamechafuka safarini," alisema. "Subirini yatulie."

"Mpaka lini?"

"Kesho asubuhi."

Hapo hawakucheka. Baba Limi alizungumza taratibu, na nilimwonea huruma hata yeye. "Ndugu yangu, ng'ombe wangu wawili hawakusimama leo. Niwaambie wasubiri chupa?"

"Hata mimi nina ng'ombe."

"Wako kwa kaka yako. Huwasikii wakilia."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Ningesema, ndugu zangu, kosa ni langu, niliambiwa nitembee nikaja kwa baiskeli kwa sababu nilikuwa natazama ndege. Lingekuwa jambo la kuchekesha, na pengine wangemwamini mtu anayejichekesha. Neno lilifika kooni. Barabarani likasimama lori tupu lililokuwa linaelekea Kahama, dereva akashuka kuomba maji ya rejeta. Nilimsaidia kubeba debe. Halafu nikapanda nyuma. Mpaka leo sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu ghala likipungua, na mtu mmoja mwenye kofia amesimama kando ya meza, ameishika pembe mbili ili isitikiswe na wanaopita.

Baiskeli ya fundi nayo niliiacha hapo ukutani.

Sikurudi tena Shinyanga. Nilijiambia ni kwa sababu ya dhahabu. Nikakaa Nyahanga, nikasogea Geita, nikafika Rwamgasa, nikaingia ardhini. Shimo letu tunaliita duara, na lisibomoke tunalishikiza kwa matimba, magogo tunayokata vilima vya jirani. Niliyakata kwa mkono wangu, mengi. Nikiwa chini na mshumaa, nimezungukwa na magogo hayo, nilikuwa nikijiuliza swali lilelile. Yalitulia? Sikuuliza mtu. Watu wa Shinyanga walipita hapa kila wiki, na mimi, ninayeuliza hata paka amezaliwa wapi, hilo sikuliuliza.

Akaja mwenyewe. Landrova ya mradi ilisimama karibu na mwalo, pale mtoni tunapooshea udongo wa dhahabu, wakashuka vijana wawili wenye makaratasi na mzee mmoja mwenye kofia. Walitukusanya. Kijana mmoja akasema mzee huyu ni mshauri wa mabonde ya mito, amestaafu serikalini lakini mradi umemwomba.

"Zamani nililipwa nifanye," mzee alituambia. "Siku hizi nalipwa niseme. Kwa hiyo mnivumilie."

Kisha hakusema. Alishuka mtoni akachuchumaa.

"Mzee, unatafuta matope?" mchimbaji mmoja alipaza sauti. "Chukua, tunayo ya kutosha!"

"Nawashukuru. Maji ya kunywa mnapata wapi?"

"Juu kule."

"Na juu wakianza kuosha dhahabu?"

"Tutahamia juu zaidi!"

"Na mkifika kileleni?"

"Tutaangalia mandhari!" mwingine akajibu, na mwalo mzima ukaangua kicheko. Yeye alicheka nao, kwa moyo kabisa, akifuta macho. Alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa ndogo ndani ya kola. Nilisimama nyuma ya wenzangu, nimejaa tope kuanzia nywele mpaka kucha, na nilijua naweza kurudi duarani bila mtu kujua. Nilishika hata kamba ya kushukia.

Watu walipotawanyika nikanawa uso.

"Shikamoo, Bwana Hifadhi."

"Marahaba." Alinitazama. Macho yalikuwa na ukungu kidogo, akasogea karibu, akaendelea kunitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Huko ulikotoka," alisema, "mito ilikuwa na rangi gani?"

Nilimjibu. Nilimtajia mmoja mmoja, mpaka nikafika kwenye huu uliokuwa mbele yetu, ambao alikuwa anauona mwenyewe. Alisikiliza yote. Halafu nikamwambia habari ya ndege.

"Ilikuwa ya injini ngapi?" aliuliza.

"Mbili."

"Ehe."

"Mzee, yalitulia?"

Aliketi juu ya jiwe kwanza. "Walipiga kura ya mikono, wakafungua kilima jioni ileile. Ng'ombe waliingia wakikimbia. Mimi nilibaki na meza yangu. Nilidhani niko peke yangu, kumbe Mama Limi ameketi chini, mgongo umeegemea marobota. Nikamwambia, mama, nenda nyumbani. Akasema, mimi nimezoea kusubiri maji."

"Akakaa?"

"Mpaka asubuhi. Baba Limi alikuja kumtafuta, uji haujapikwa, ana hasira. Mkewe alimwonyesha meza." Alichora ngazi hewani kwa kidole, akishuka. "Yalikuwa yametulia. Si yote, lakini yanasomeka. Baba Limi alisimama pale, halafu akaenda kutoa ng'ombe wake kilimani. Wake tu. Wa wengine walikaa wiki tatu."

"Kwa hiyo tuliharibu."

"Tuliharibu," alisema. Hakunionea huruma, na nilimshukuru kwa hilo. "Chupa ya kumi ilikuwa vidole vitatu. Wakafunga tena mwaka uliofuata, Baba Limi ndiye mlinzi, na ni mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Sasa nyasi zipo. Miti ipo, mirefu kama wewe."

"Na kati ya mawe mawili?"

Alikuwa anatazama mto wetu.

"Panalowa," alisema. "Si chemchemi. Panalowa. Mama Limi anaweka kiganja, anasema pana baridi. Bado ananiita vilevile." Akatabasamu. "Natamani kupaona panatiririka. Lakini natamani zaidi nimsikie akinisalimia salamu fupi."

Vijana wake walikuwa wanapiga honi. Alishuka mtoni mara ya mwisho, akatoa mfukoni chupa nyeupe, akachota, akaiziba. Nilidhani anaipeleka kwenye rafu yake. Badala yake akainyoosha kwangu.

"Gari litaitikisa," alisema. "Ikae kwako. Mvua kubwa ya kwanza, kila mwaka, kwenye jiwe lile pale. Nikija utanionyesha."

"Mzee, mimi sijawahi kukaa mahali mwaka mzima."

"Najua."

Alipanda kiti cha mbele, akafunga mlango kwa shida, akashusha kioo. Nilikuwa bado nimesimama, chupa mikononi, ina rangi ya chai ya maziwa.

"Na ikitikisika?" aliuliza.

"Nitakaa chini," nilisema, "mpaka yatulie."

Gari likaondoka. Vumbi lilikuja likanifunika, likaingia puani na kooni, na mimi nilisimama palepale nimeishika kwa mikono miwili, naogopa hata kukohoa.